Daftari Jekundu na Simu ya Mkononi

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wazee wa hekalu, jioni ya sherehe za kumbukumbu, mbele ya wanachama na majirani wa Kisutu, Dar es Salaam



Namaste. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Katika mtaa huu salamu moja haijapata kutosha, na leo pia haitoshi.

Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya mabadiliko ya nyakati. Mada hiyo ni pana kama bahari, nasi si wavuvi wa bahari kuu. Tutabaki ufukweni, tuyaseme yale tuliyoyaona kwa macho yetu kutoka kwenye kaunta za maduka na vibaraza vya nyumba zetu: jinsi tulivyokuwa tukihesabu fedha, tukifungua na kufunga milango, na tukijuana. Mwishoni tunalo jambo moja la kukiri, na jingine la kuomba.

Vijana wanaoziona nyumba za zamani za Kisutu katika picha huuliza kwa nini zilijengwa vile. Jibu ni jepesi. Chini lilikuwa duka, juu makazi, na mbele baraza. Duka lilifunguliwa baada ya ibada ya asubuhi. Ilipofika saa sita na nusu mchana milango ilifungwa. Mwenye duka alipanda ngazi, akala wali, dengu na chapati, akajilaza kidogo, na saa nane milango ikafunguliwa tena. Mteja aliyefika katikati ya saa hizo aliketi barazani akangoja, wala hakununa, kwa kuwa barazani palikuwa na fundi cherehani, na penye fundi cherehani habari hazikosekani.

Wengi wenu mnakikumbuka kichekesho cha majina. Katika Kigujarati, dada ni babu mzaa baba. Kaka ni ndugu wa kiume wa baba. Mama, msishangae, ni mjomba. Mtoto wa jirani aliyetumwa dukani kununua sukari, akasikia binti yetu akimwita mzee mwenye masharubu meupe "dada", alirudi kwao na maswali mengi kuliko sukari. Watoto wetu nao walichukua muda kuelewa kwamba kaka wa mwenzao hakuwa mtu mzima mwenye mvi. Kila upande ulicheka, na kila upande ukajifunza. Hatimaye hapakuwa na mtu mtaani aliyekosa jina la kidugu la kuitwa. Hakuna aliyekuwa "mteja" tu, wala hakuna aliyekuwa "Mhindi wa dukani" tu, angalau kwa wale waliokutana kila siku.

Babu zetu walitoka Kachchh na Kathiawar. Walipanda majahazi katika bandari za Mandvi, Porbandar na Jamnagar, wakaletwa na kaskazi; aliyetaka kurudi alisubiri kusi. Walileta nguo na viungo, na walileta maneno. Duka, bima, laki, gunia, bepari, hundi na pesa ni maneno yaliyovuka bahari hiyo hiyo, yakapokewa, yakapewa uraia, na leo hakuna anayeyauliza yalikotoka. Tuyatazame mawili kati ya hayo, maana yanahusu mada yetu.

La kwanza ni pesa. Kuanzia mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani iliyoshika pwani hii ilitoa sarafu ya shaba iliyoitwa kwa jina hilo, na sarafu 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani wakaiondoa, wakaleta heller, 100 kwa rupia. Heller ikaja ikapita, rupia ikapita, ikaja shilingi. Sarafu ya pesa ilikufa zamani; neno pesa limezizika zote na sasa linaishi ndani ya simu.

La pili ni hundi. Mfanyabiashara wa Bombay aliandika karatasi, na aliyeichukua karatasi hiyo akalipwa Unguja na mtu aliyeujua mwandiko wa mwandishi. Fedha yenyewe haikupanda jahazi. Kilichovuka bahari ni ahadi ya mtu. Kwa hiyo mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, wazee wetu hawakustaajabu kama vijana walivyotarajia. Mzee mmoja alimtazama binti wakala aliyeketi chini ya mwavuli, akipokea fedha hapa ili mwenzake azitoe Kigoma siku ile ile, akasema kwa utulivu: "Huyu anafanya kazi ya babu yangu, ila yeye hana haja ya kungoja upepo."

Lakini chombo kikuu cha kazi yetu kilikuwa daftari jekundu. Majirani zetu mmeliona: daftari refu lenye jalada la kitambaa chekundu, lililolala pembeni ya mizani. Kila mwaka siku ya Diwali tulileta madaftari mapya mbele ya miungu, tukayafanyia ibada tunayoiita Chopda Pujan, na katika ukurasa wa kwanza tukaandika maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Heri huandikwa kwanza. Kesho yake ulianza mwaka mpya wa Kigujarati, na hesabu mpya nayo ikaanza.

Ndani ya daftari hilo mlikuwamo ninyi. Nusu kilo ya sukari, mafuta ya taa, sabuni ya mche, madaftari ya shule ya mtoto mwezi wa kwanza. Hatukuandikishana mkataba, wala hatukudai mdhamini. Mdhamini alikuwa baraza: kila mtu alijulikana anakoishi, anakofanya kazi, na siku anayopokea mshahara. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na ni kweli mwisho wa mwezi yalikuwapo matanga madogo mbele ya kaunta. Lakini husemwa pia kwamba dawa ya deni ni kulipa, na sehemu kubwa ya madeni yale ililipwa. Sisi tulioyafuta kwa kalamu ni mashahidi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukasifu ya kale na kuilaumu simu. Tusingesema kweli. Daftari lile lilikuwa na dosari ambayo sisi wenyewe tulichelewa kuiona. Liliandikwa kwa herufi za Kigujarati. Mwenye deni alisimama mbele ya kaunta, akatazama mistari asiyoweza kuisoma, na akaambiwa jumla. Tulijivunia kwamba tuliwaamini majirani. Hatukujiuliza ni kiasi gani wao walilazimika kutuamini sisi. Wengi wetu tuliandika kwa haki. Haitoshi kusema hivyo, kwa sababu hata haki ile haikuweza kukaguliwa na anayehusika.

Leo fedha ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, ujumbe huingia katika simu zote mbili, kwa Kiswahili, na kiasi ni kile kile. Risiti za mashine, zilizoanza kutumika madukani mwaka 2010, tulizilalamikia sana, na baadhi yetu bado tunalalamika. Hata hivyo lazima tukiri kwamba mnunuzi akitoka dukani na karatasi mkononi anatoka na kitu ambacho mama yake hakuwahi kupewa. Katika jambo hili mashine imekuwa na adabu kuliko sisi.

Mtaa wenyewe nao umebadilika. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi zilifunga masanduku, zikaenda Uingereza na Canada. Nyingine zilibaki, zikalipa kodi katika nyumba zilizojengwa na baba zao. Yalikuwa maumivu, hatutayaficha. Lakini hatuyasemi leo kwa kinyongo, kwa maana katika vyumba vilivyobaki wazi waliingia watu ambao wamekuwa majirani zetu kwa miaka yote hii. Wametoka Kilimanjaro na Kagera, Pemba na Njombe. Jiji lenyewe Sultani Majid alilianzisha katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, na tangu hapo limekuwa likipokea. Miaka ya karibuni, ukitembea hadi Kariakoo ulisikia Kichina kwenye kaunta, na mwenye duka Mchina akihesabu "elfu mbili mia tano" bila kukosea. Tulimwona, tukawakumbuka babu zetu.

Waliokwenda ng'ambo tuliwasiliana nao kwanza kwa barua za karatasi nyembamba ya buluu, kisha kwa kanda za kaseti. Bibi alikalishwa mbele ya redio, akaambiwa aseme. Akalia upande wa kwanza wote, na upande wa pili akauliza kama mvua inanyesha. Simu ya nje iliombwa kwa opereta na kungojwa. Sasa arati ya jioni inaonekana Leicester wakati huo huo inapofanyika Kisutu, na wajukuu wanaunganisha mikono mbele ya kioo. Hili ni jema, na tunawashukuru vijana wetu wanaoliendesha.

Saa za kazi nazo zimepinduka. Hakuna tena anayefunga duka mchana. Mteja wa Songea hutuma picha ya kitambaa saa tano za usiku na kuuliza bei. Asipojibiwa kabla ya saa sita, amekwisha kupata muuzaji mwingine. Wapo watoto wetu wanaofanya kazi wakiwa vyumbani mwao kwa kampuni za nchi za mbali, wanaoanza kazi sisi tunapokunja mikeka. Baba anakutana na mwanawe ngazini: mmoja anakwenda kulala, mwingine anakwenda kufungua duka. Tumepata wateja tusioujua uso wao, na tumeupoteza usingizi wa mchana. Faida ipo. Hasara yake haiandikwi katika daftari lolote.

Na sasa tufike kwenye jambo la kukiri.

Miaka michache iliyopita tulifanya ukarabati wa hekalu. Mlinzi wetu wa siku nyingi alikuwa amezeeka. Tukampa kiinua mgongo chake kwa heshima, akastaafu. Badala ya kuajiri mwingine tuliweka kamera na lango la umeme linalofunguliwa kwa namba, na wanachama wote tukagawiwa namba hiyo. Tulifanya hivyo kwa nia njema, maana wizi ulikuwapo. Baraza la nje, lile la saruji walipokuwa wakiketi wauza maua na wapita njia, tulilivunja ili lango lipate nafasi ya kufunguka. Katika kikao hakuna aliyepinga. Tulipiga makofi.

Mzee wetu mmoja anaishi peke yake ghorofa ya tatu, jirani na hapa. Watoto wake wote wako nje. Kila asubuhi, kwa miaka mingi, hushusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Muuza mkate hutia mkate, mwenye magazeti hutia gazeti, na mzee huvuta kikapu juu. Chini ya dirisha hilo, katika kibaraza cha duka lililo mkabala, yupo fundi cherehani.

Asubuhi moja kikapu hakikushuka. Kamera yetu haikuwa na habari ya kikapu. Mzee hakuonekana katika ibada ya asubuhi, na kati yetu hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani anaifuata ibada kwa simu. Fundi ndiye aliyeacha mshono katikati, akapanda ngazi, akagonga mlango wa chuma, akasikia sauti dhaifu ndani. Alijua hekaluni kuna watu wenye funguo za mzee. Alikuja mbio hadi langoni akabonyeza kengele.

Ofisini tulikuwa wawili. Tulitazama kioo, tukamwona mtu mwenye futi ya kitambaa shingoni akipunga mikono. Tukadhani amekuja kuomba mchango. Tulimjibu kwa kipaza sauti: "Ofisi imefungwa, rudi kesho," kisha tukaendelea na hesabu zetu. Alibonyeza tena. Hatukujibu.

Fundi hakwenda zake. Alikwenda kwa binti wakala wa kona, ambaye ana namba ya mhazini wetu kwa kuwa mhazini hutoa fedha kwake. Binti akampigia. Ndipo milango ikafunguliwa. Karibu saa nzima ilikuwa imepita. Mzee alikuwa ameanguka bafuni usiku uliotangulia, nyonga imevunjika, na alikuwa amelala sakafuni tangu saa hizo bila maji. Madaktari walituambia kwamba kwa umri wake asingeifikia jioni ya siku ile.

Mzee huyo yupo nasi usiku huu, safu ya mbele, na mkongojo wake. Fundi naye yupo. Ameomba tusimtaje jina, nasi tunamtii. Lakini hatutanyamaza juu yetu wenyewe. Tulipofungua madaftari ya zamani ya duka la mmoja wetu, tulilikuta jina la fundi huyo katika kurasa za miaka ishirini, vifungo, nyuzi, sindano, na kila mstari umefutwa kwa sababu umelipwa. Tulikuwa tukimwandika kwa miaka ishirini. Kamera ilituonyesha uso wake vizuri kabisa, na hatukumtambua.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la lango. Lango halina kosa. Ni simu ile ile ya mkononi iliyomwokoa mzee, kwa sababu ilikuwa mikononi mwa binti aliyemjua mhazini na kumwamini fundi. Chombo huenda pale kinapopelekwa na watu wanaojuana. Kikikuta watu wasiojuana, hubaki kutazama tu, kama sisi tulivyotazama. Ndugu zetu walio mbali wanatupenda, wanatutumia fedha na picha. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ile watoto wa mzee waliipata habari kwa dakika chache, wakiwa ng'ambo, na wasingeweza kuinua hata kitasa. Aliyeweza ni mtu wa barazani.

Baada ya tukio hilo Halmashauri ilikutana, na safari hii hatukupiga makofi. Tuliamua mambo matatu, nasi tumepewa kazi ya kuyatangaza mbele yenu.

Kwanza, lango litakuwa wazi tangu ibada ya asubuhi hadi mwisho wa arati ya jioni, na mlinzi ameajiriwa. Kamera zitabaki, mtu ataketi pamoja nazo. Baraza la nje litajengwa upya, upande wa barabara, pana kuliko lile la kwanza. Anayetaka kuketi aketi, awe wa dini yoyote au asiwe nayo.

Pili, tumeanza kuandika orodha ya wazee wote wa mtaa wanaoishi peke yao, wetu na wenu, pamoja na namba za simu za majirani wawili wa karibu wa kila mmoja. Vijana wetu wataitunza katika simu, na nakala itaning'inia kwa mlinzi, kwa sababu umeme hukatika.

Tatu, tunawaomba wafanyabiashara wote wa hekalu hili wanaoendelea kukopesha majirani waandike deni kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomwa na pande zote mbili, au wamtumie mdaiwa ujumbe siku hiyo hiyo. Diwali ijayo tutafanya Chopda Pujan kama ilivyo desturi. Najua wengi wataleta kompyuta na simu badala ya madaftari, nazo zitapakwa alama nyekundu kama yalivyopakwa madaftari ya babu zetu. Tunawaalika majirani waje. Maneno ya ukurasa wa kwanza yataandikwa kwa lugha zote mbili, na heri itaendelea kutangulia faida.

Ombi letu kwenu, majirani, ni dogo. Mkiona kikapu hakijashuka, gongeni. Mkifika langoni na kuambiwa mrudi kesho, msirudi kesho. Pigeni kelele, mna haki hiyo. Nasi tunaahidi kwamba mwavuli wa wakala usipofunguliwa asubuhi, au cherehani ikinyamaza siku mbili, tutakuja kuuliza, wala hatutauliza kwa ujumbe wa simu. Tutakuja kwa miguu.

Chai iko tayari uani, na prasadi itagawiwa kwa kila mtu.  Tunamshukuru fundi wetu, na binti yetu wakala, ambaye ametuambia hawezi kukaa sana kwa sababu foleni inamngoja. Mungu aubariki mtaa huu na kila anayeishi ndani yake.